GPA ya Dar, wastani wa Kilifi, CGPA ya Kampala: karatasi ipi inakufaa?

Vyuo vikifunga, Lamu hujaa karatasi za matokeo. Mmoja karudi kutoka Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, na wastani wa alama wa 62.4. Mwenzake katoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na GPA, yaani wastani wa pointi za gredi, ya 3.8. Wa tatu kashuka kutoka Makerere, Kampala, kavuka Mokowe na CGPA (GPA ya jumla) ya 3.07 mkobani. Wa nne alimaliza shahada yake hapa hapa pwani, akaomba nafasi ya kuendelea na masomo Marekani, vyeti vikafanyiwa tathmini na jibu likaja na 2.8. Wapeleke wote wanne barazani Mkunguni na hukumu itatoka kabla kahawa haijapoa: wa 62 ndiye kichwa, wa Dar anamfuata, wa Kampala aongeze bidii, na huyo wa 2.8 aambiwe ukweli mapema.

Sasa, huenda hao wanne ni mtu mmoja. Yuniti (masomo ya chuoni) zile zile, alama zile zile, ila kila karatasi imehesabu kwa njia yake. Ni kama mchele uliopimwa mara kwa pishi na mara kwa kilo, kisha mtu akashangaa kwa nini namba hazilingani. Swali ambalo mzazi anafaa kuuliza kwanza ni lile fupi ambalo mabibi zetu huuliza bila kusomea popote: "Tatu ya ngapi?"

Na swali la pili, ambalo wengi hawalifikii, ni ngazi zimekatwa wapi, yaani A inaanzia alama ngapi, B ngapi. Hapo ndipo vyuo vinapotofautiana kweli kweli, na hapo ndipo mwanafunzi mmoja hunufaika na mwingine hupunjika bila kujua.

KCSE kwanza, kwa ufupi

Wazazi wengi huingia katika habari za GPA wakiwa bado na hesabu za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, kichwani, kwa hiyo tuziweke kando mapema. KCSE ina pointi 12 kwa A, 11 kwa A-, na kuendelea kushuka hadi 1 kwa E. Masomo saba yanajumlishwa, kwa hiyo kilele ni 84. Ukigawanya kwa saba unapata gredi ya wastani: jumla ya pointi 46 hadi 52 ni C+, ambayo ndiyo mlango wa shahada, na 53 hadi 59 ni B-.

Masomo yote yana uzito sawa. Hisabati haihesabiwi zaidi ya Jiografia. Kinachobadilisha mambo ni masomo yapi yanachukuliwa, na kanuni hiyo iligeuzwa mwaka 2023. Zamani walichukua Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, sayansi mbili, somo moja la jamii, na moja zaidi. Siku hizi ni Hisabati, lugha moja, na mengine matano yaliyo bora.

Chukua mtoto wa huku kwetu mwenye masomo manane: Elimu ya Dini ya Kiislamu A (12), Kiswahili A- (11), Kiingereza B (9), Historia B (9), Jiografia C+ (7), Biolojia C- (5), Kemia D (3), Hisabati D (3). Kwa kanuni ya zamani anapata 52, yaani C+. Kwa kanuni ya sasa Kemia inaachwa, Jiografia inaingia, na jumla inakuwa 56, yaani B-. Mtihani haujabadilika hata nukta. Kumbuka mfano huu, kwa sababu chuoni mchezo ni huo huo, umevaa kanzu nyingine tu.

Mwanafunzi mmoja, karatasi nne

GPA ni wastani wenye uzito. Kila yuniti ina krediti zake, yaani namba inayoonyesha uzito wake. Alama ulizopata hugeuzwa kuwa gredi. Gredi hugeuzwa kuwa pointi. Pointi huzidishwa kwa krediti. Zote hujumlishwa, halafu hugawanywa kwa jumla ya krediti. Vyuo vingi vya umma vya Kenya huruka hatua ya pointi na kutafuta wastani wa alama zenyewe, ndiyo maana mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani huja na 62.4 na si 3 nukta kitu.

Hizi hapa yuniti tano za semista moja:

| Krediti | Alama | Kenya | Dar es Salaam | Makerere | 4.0 (kwa kufuata gredi ya Kenya) |
|---|---|---|---|---|---|
| 4 | 72 | A | A, 5 | B, 4.0 | A, 4 |
| 3 | 68 | B | B+, 4 | C+, 3.5 | B, 3 |
| 3 | 61 | B | B+, 4 | C, 3.0 | B, 3 |
| 3 | 55 | C | B, 3 | D+, 2.5 | C, 2 |
| 2 | 48 | D | C, 2 | E, 1.5 | D, 1 |
| 15 | | 62.4 | 3.8 | 3.07 | 2.8 |

Safu ya Dar tuihesabu pamoja, nyingine utazipata kwa njia hiyo hiyo. Yuniti ya kwanza: pointi 5 mara krediti 4 ni 20. Ya pili na ya tatu: 4 mara 3 ni 12, kila moja. Ya nne: 3 mara 3 ni 9. Ya tano: 2 mara 2 ni 4. Jumla 57. Gawanya kwa 15, upate 3.8.

Madaraja nayo? Kenya daraja la kwanza huanzia 70, la pili la juu 60, la pili la chini 50, na pasi 40. Kwa hiyo 62.4 ni daraja la pili la juu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam daraja la kwanza ni 4.4 kwenda juu, la pili la juu 3.5 hadi 4.3, la pili la chini 2.7 hadi 3.4, na pasi 2.0 hadi 2.6. Basi 3.8 ni daraja la pili la juu pia. Makerere mipaka ni 4.40, 3.60, 2.80 na 2.00, kwa hiyo 3.07 inaangukia daraja la pili la chini. Isitoshe, 48 yake haitoshi, kwa sababu Makerere alama ya kufaulu ni 50. Yuniti hiyo atairudia, wakati Kilifi na Dar imepita, kwani huko alama ya kufaulu ni 40.

Kinachochekesha ni kwamba vyuo vya Nairobi, Dar na Makerere vilikuwa chuo kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kuanzia 1963 hadi 1970. Watoto wa nyumba moja, leo kila mmoja anahesabu kivyake.

Mzazi wa Kenya akiona "C+" kwenye karatasi ya Makerere hushtuka. Asishtuke. Pale A huanzia 80, na 68, ambayo Kilifi ni B ya kujivunia, Kampala ni C+. Ili kupata daraja la kwanza Makerere inabidi alama zako kwa ujumla zikae juu ya 75 hivi. Huo ni mlima mrefu kuliko 70 ya Nairobi, na mwajiri anayejua hulitambua hilo.

Mtego wa kugawanya

Watu hupenda njia ya mkato: 3.8 gawanya kwa 5, zidisha kwa 100, basi ni asilimia 76. Hapana. Tumeona 3.8 hiyo imetoka kwenye wastani wa 62.4. Ukiandika 76 kwenye fomu ya Kenya umejipa daraja la kwanza ambalo hukulipata, na karatasi yako mwenyewe itakuumbua. Kwa Makerere mkato huu ni hatari zaidi kwa sababu hukaribia ukweli kwa bahati: 3.07 ya 5 ni asilimia 61.4. Mtu akijaribu mara moja na kuona imekaribia, ataiamini siku zote.

Kwa mfumo wa 4.0 kosa huenda upande wa pili. Katika ngazi ya kawaida ya Marekani, 90 ni A, 80 ni B, 70 ni C, 60 ni D, na chini ya hapo umeanguka. Ukizipitisha alama zetu moja kwa moja, mwanafunzi wetu anapata 0.93, yaani hafai kitu. Lakini wahadhiri wa huko hutoa alama za 80 na 90 kwa wepesi ambao wahadhiri wetu hawana. Ndiyo sababu taasisi za kutathmini vyeti, World Education Services ikiwa mojawapo, hutazama ngazi ya nchi iliyotoa cheti: 72 ya Kenya ni A ya Kenya, na A hupewa 4. Hapo ndipo 2.8 ilipotoka. Kati ya 0.93 na 2.8 ni mtu yule yule. Tofauti ni aliyehesabu alijua au hakujua.

Hapa Kenya, chuo kinachojulikana zaidi kwa 4.0 ni USIU-Africa cha Nairobi. Huko ngazi ya Kimarekani inatumika tangu darasani, kwa hiyo usizichukue alama za Pwani ukazipeleka pale kichwani mwako ukadhani mtoto ataanguka.

Nani anapendelewa na nini

Hapa ndipo penye utamu. Chukua watoto wawili, mmoja wa Langoni na mmoja wa Mkomani, yuniti nne kila mmoja, krediti sawa. Wa Langoni ana 69, 69, 69, 69. Wa Mkomani ana 70, 70, 60, 60.

Kilifi: wa Langoni ana wastani wa 69, wa Mkomani 65. Langoni mbele.

Dar: wa Langoni ana B+ nne, GPA 4.0, daraja la pili la juu. Wa Mkomani ana A mbili na B+ mbili, GPA 4.5, daraja la kwanza. Mkomani mbele, na kwa mbali.

Makerere: wa Langoni ana C+ nne, 3.5. Wa Mkomani ana B mbili na C mbili, 3.5. Suluhu.

Hakuna hesabu iliyokosewa. Ngazi za Dar ni pana, alama kumi kumi. Kutoka 60 hadi 69 unapewa pointi 4 tu, kisha ukigusa 70 unaruka hadi 5. Wastani wa alama wa Kenya hauna ngazi hizo. Kila alama moja ina thamani yake. Makerere iko katikati, ngazi zake nyingi ni za alama tano tano.

Geuza sasa. Mtoto mwenye 90, 68, 62 na 60 ana wastani wa 70 kamili. Kilifi huyo ni daraja la kwanza: ile 90 imewabeba wenzake mgongoni. Dar ile 90 inapewa pointi 5 sawa na 70, hizo ishirini za juu zinamwagika, na GPA yake ni 4.25, chini ya mpaka. Daraja la pili la juu.

Kwa hiyo mtoto mwenye kipaji cha kupindukia katika somo moja na udhaifu katika mengine, wastani wa alama unamlinda. Mtoto mwerevu wa kupanga, anayejua kuusogelea mpaka na kuuvuka bila kupoteza jasho, Dar itamlipa vizuri. Mtoto wa mwendo mmoja, asiyepanda wala kushuka, hatapata hasara kubwa Makerere, mradi awe na uhakika wa kutoshuka chini ya 50.

Je, uchague chuo kwa sababu hii? Mimi nasema usianzie hapa. Kozi, karo, na kama shahada inatambulika na bodi ya taaluma yako, hayo ndiyo mwanzo. Lakini ukibaki na vyuo viwili vinavyolingana kwa yote, tabia ya alama za mtoto wako ni sababu halali ya kuamua. Na hata kama umekwisha kuchagua, ngazi inabadilisha namna ya kusoma. Ukiwa Dar na yuniti moja iko 63 na nyingine 58, saa zako zipeleke kwenye ya 58. Kuitoa 63 hadi 68 hakuongezi hata nusu pointi. Kuitoa 58 hadi 60 kunakupa pointi nzima mara krediti zote. Ukiwa Kilifi, peleka saa popote alama zinapopatikana kwa urahisi, na yuniti yenye krediti nyingi iwe ya kwanza.

Jumla ya miaka

GPA ya semista ni moja, na ya jumla ni nyingine. Wengi huchukua za semista mbili, wakajumlisha na kugawanya kwa mbili. Inafaa tu kama krediti ni sawa. Mfano wa Dar: semista ya kwanza 4.0 kwa krediti 12, ya pili 3.1 kwa krediti 20. Kwa njia ya mkato ni 3.55, daraja la pili la juu, watu wapike biriani. Kwa hesabu sahihi, pointi 48 jumlisha 62 ni 110, gawanya kwa 32, ni 3.44. Daraja la pili la chini.

Jambo jingine ambalo mwaka wa kwanza hawaambiwi kwa sauti ya kutosha: kadiri krediti zinavyojaa ndivyo GPA inavyokuwa nzito kuinua. Aliye na 3.2 baada ya krediti 90 anahitaji 4.4 katika krediti 30 zinazofuata ili afikishe 3.5. Hayo ni matokeo ya daraja la kwanza kwa mtu ambaye hajawahi kuyapata. Kwa wastani wa alama ni hivyo hivyo. Uliza pia kama chuo chako kinahesabu mwaka wa kwanza kwa uzito ule ule wa mwaka wa mwisho.

Na sapu, yaani mtihani wa marudio. Katika vyuo vingi vya Kenya ukirudia mtihani ulioanguka, hata ukipata 75 utaandikiwa 40. Dar utaandikiwa C. Kwa hiyo yuniti moja ya krediti 4 iliyoanguka inakufuata hadi siku ya joho, na hakuna wastani mzuri wa mbele utakaoifuta kabisa.

Vikokotoo

Vikokotoo vya GPA vilivyo mtandaoni vingi vimewekwa kwa ngazi ya Marekani, ambako B+ ni 3.3. Mwanafunzi wa Dar akiingiza A, B+, B+, B na C zake pamoja na krediti zile zile za jedwali letu, kitamwambia 3.25, wakati karatasi yake ni 3.8. Vipo vinavyokuruhusu kuandika pointi zako mwenyewe, hivyo vinafaa. Excel inafaa zaidi: safu ya krediti, safu ya pointi, SUMPRODUCT (fomula ya kuzidisha kisha kujumlisha) ya safu hizo mbili gawanya kwa SUM ya krediti, na hesabu ya miaka minne inakaa kwenye ukurasa mmoja. Asiye na kompyuta, daftari na simu vinatosha. Mimi namwambia kila mwanafunzi afanye angalau semista moja kwa mkono, ili siku karatasi ya chuo ikija na kosa alione, kwa sababu makosa hutokea, na dirisha la kulalamika halikai wazi muda mrefu.

Ukijaza fomu

Usigeuze namba mwenyewe kama hukuombwa. Andika ulivyopewa, pamoja na kilele chake na daraja: "GPA 3.8 kati ya 5.0, daraja la pili la juu", au "wastani wa alama 62.4, daraja la pili la juu". Kwa shahada ya uzamili Kenya, mara nyingi daraja ndilo linalotazamwa kwanza: la pili la juu huingia moja kwa moja, la pili la chini huulizwa uzoefu wa kazi. Kwa Marekani na Kanada, acha taasisi ya tathmini ifanye kazi yake; 4.0 yako ya kujitungia haitasomwa na mtu.

Halafu geuza transkripti yako uone nyuma. Vyuo vingi huchapisha ngazi yao ya gredi hapo, kwa maandishi madogo. Ukipeleka nakala, pale dukani pa kutolea kopi waambie wakutolee pande zote mbili. Vijana wengi wa Lamu hutoa kopi ya mbele tu ili kuokoa shilingi kumi, na aliye ng'ambo ya pili hubaki na 3.07 isiyo na maelezo, akaisoma atakavyo.